Siku Mama Alipoacha Kusuka

Swali lenyewe lilikuwa fupi: je, biashara yako ilikoma ndani ya mwaka huu wa kodi? Chini yake vijiduara viwili, Ndiyo na Hapana, halafu nafasi ya kuweka tarehe. Nilimsomea Mama kwa Kiswahili nikidhani ndilo jepesi kuliko yote. Mama akainuka, akafungua friji, akaangalia ndani, akaifunga bila kutoa kitu.

“Ruka ile,” akasema.

“Hairukiki, Mama. Lazima tuchague.”

“Kwani kompyuta iko na haraka gani? Ruka, tutarudia.”

Ilikuwa Jumamosi mchana, Januari, jikoni kwa Tonton, Saint-Josse. Mvua ilipiga dirisha, na chini mtaani muuza mboga alikuwa anagombana na dereva wa lori kwa Kituruki. Tonton ni mume wa mama mdogo, yaani mdogo wake Mama, aliyefariki Februari iliyotangulia. Mimi na Mama tulikuja Brussels kwa ajili ya matanga yake, tukiwa na sanduku moja la watu wawili, maana tulidhani tutakaa wiki chache kisha turudi London. Watu wakalia, wakala, wakakunja viti wakaenda kwao. Lakini mama mdogo alikuwa ameacha mtoto wa miaka mitatu. Mama akasema tungoje kidogo. Tukangoja. Pasaka ikapita, nikaandikishwa shule, Krismasi ikapita.

Habari ya kurudi London nilikatazwa kuiuliza. Kwetu, baada ya mwaka hivi, jamaa wanakutana tena kuondoa matanga: wanasali, wanakula, nguo za msiba zinavuliwa, halafu wakubwa wanakaa kuamua yaliyobaki, hasa ya watoto. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu anayesema mimi nitafanya hivi au vile. “Jamaa haijakaa,” Mama alikuwa akinijibu, na mazungumzo yanafia hapo. Siku yenyewe ilipangwa Februari. Watu wa kodi wa Uingereza walitaka jibu kabla Januari haijaisha.

Na mimi nililitaka kuliko wao. Nitasema ukweli: nilitaka kurudi. Mimi ni mtu wa kuona haya. London nilikuwa na haya vilevile, lakini kule haya yangu yalikuwa na mahali pa kukaa: meza ya mwisho kwenye maktaba, rafiki mmoja aliyekuwa anaongea kwa niaba ya wote wawili, kona ya saluni nilikofanyia kazi za shule huku wanawake wakicheka juu ya kichwa changu. Hapa nilikuwa msichana mrefu anayejibu “présente” jina likiitwa asubuhi na kunyamaza mpaka kengele ya mwisho.

Kulikuwa na jambo lingine, baya zaidi, ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Yule mtoto wa mama mdogo alikuwa ameanza kumwita mama yangu Mama. Kwanza alimwita Mama Mukubwa, kama inavyotakiwa. Siku moja lile Mukubwa likadondoka, na hakuna aliyeliokota. Mimi nililiona likidondoka.

Sehemu za mwanzo za fomu zilikuwa zimekwenda vizuri. Kule London Mama hakuwa mwajiriwa wa mtu. Alikodi kiti katika saluni ya maman mmoja Mkongo, akalipia kiti kila wiki, na kilichobaki kilikuwa chake. Ndiyo maana kila mwaka alitakiwa kujaza sehemu ya wanaojiajiri. Miaka yote alijaziwa na mume wa yule maman. Safari hii iliniangukia mimi, kwa kuwa Kiingereza cha Mama ni cha saluni: kinatosha kabisa kumtuliza mteja anayelia kwamba amevutwa sana, lakini hakifiki kwenye maneno kama yale ya serikali. Kifaransa ndicho chake. Alikuja Brussels msichana, mkimbizi kutoka Bukavu, akapata karatasi za hapa, na London tulihamia nikiwa bado nabebwa.

Ili kuingia, namba ya siri ilitumwa kwenye laini yake ya Uingereza, ambayo aliitunza ndani ya simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Aliiwekea salio mara kwa mara. Nilikuwa nikimwona najipa moyo: mtu asiyerudi hawezi kulisha laini.

Palipoulizwa aina ya biashara nikasema nitaandika kusuka.

“Kusuka? Hata mutoto anasuka,” akasema Mama. “Andika coiffure, ufundi wa nywele.”

“Wao wanataka Kiingereza.”

“Basi andika Kiingereza yenye heshima.”

Hesabu zake ziliandikwa kwenye kalenda za kanisa, katika mraba wa kila siku, kwa kalamu ya bluu. Kalenda zilikuwa mbili, kwa sababu mwaka wao wa kodi unaanza Aprili badala ya Januari, na hilo Mama hajawahi kuwasamehe. Alisoma kwa Kifaransa, mimi nikajumlisha kwa Kiingereza, tukabishana kwa Kiswahili. Miraba ilijaa mpaka katikati ya Februari. Baada ya hapo ilikuwa myeupe.

Tangu msiba ule Mama hakusuka mtu. Bibi yangu aliwafundisha Mama na mdogo wake kwamba mfiwa hasuki wala hasukwi mpaka matanga yaondolewe, na hata mchungaji alipomwambia si lazima, Mama aliitikia amina na kuendelea kufunga kitambaa cheusi. Alipata kazi ya kusafisha ofisi asubuhi. Tulipokwenda Matonge, mtaa wa Wakongo, kununua sombe, yaani kisamvu, na samaki, tulipita ndani ya Galerie d'Ixelles, ujia wa maduka wenye paa, ili tusilowe, na wanawake wa saluni walikuwa wanamjua.

“Maman ya Londres! Ingia, kuko kiti! Vidole vitaota kutu!”

Mama aliwasalimia bila kusimama, mikono ndani ya mifuko ya koti. Mimi nilikuwa nikitembea karibu naye. Niliona kitambaa cha mfuko kinachezacheza. Vidole vyake vilikuwa vinasuka humo ndani.

Basi, swali tukaliruka siku ile, na kilichobaki kingine kilikuwa jumla ya kodi ya kiti, maana stakabadhi tuliziacha kule. Jumapili baada ya ibada Mama akampigia yule maman wa saluni. Alikuwa anachambua sombe, mikono imelowa, kwa hiyo simu ililala mezani na sauti ikajaa jikoni.

“Eh, Bruxelles! Umekumbuka kama tuko na uhai?”

“Maman, usinichekee. Niko natafuta bei nililipaka ya kiti, mwaka muzima. Ni ya impôts, ile kodi ya Bangereza.”

“Kiti yako? Iko. Nimeifunika na kitenge. Kuko mutoto moja ya Kinshasa anaitaka, kila siku maman kiti, maman kiti. Nikamwambia, iko na mwenyewe. Unarudi lini?”

“Bei, maman.”

“Sikuuliza bei. Nimeuliza lini.”

“Jamaa haijakaa.”

“Jamaa gani inachukua mwaka kukaa? Viti vimekosa huko? Nikutumie hiki?”

Mama alicheka kwa pua. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye sinki, glasi mkononi. Kiti kilikuwepo. Kimefunikwa, kinangoja. Nilikiona kabisa, na kona yangu nyuma yake.

Bei ilitajwa mwisho kabisa, na Mama alipokata simu nikaandika jumla ya kodi ya kiti, kisha nikasema, “Na lile swali?”

“Jamaa haijakaa.”

“Mama, Waingereza hawajui jamaa.”

“Bon. Watajua.”

Januari ikawa inatuishia. Kila nikirudi shuleni nilifungua fomu na kuikuta ilivyo, imejaa kila mahali isipokuwa pale. Nilimkumbusha Mama kwamba wakichelewa kuipata watamtoza faini. Akasema anajua. Nikamkumbusha tena, akanituma dukani kununua chumvi, na chumvi ilikuwepo.

Tonton naye alikuwa ananyemelea jibu. Ni mtu mkimya, kama mimi. Kiwanda cha magari kule Forest, upande mwingine wa mji, kilipofungwa alipata kazi ghalani, zamu ya usiku, kwa hiyo bila Mama mtoto angelala na nani? Hakusema hivyo hata siku moja. Alinikuta kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba, akiwa amevaa kiatu kimoja.

“Mama yako anasemaka nini juu ya Londres?”

“Sijui, Tonton.”

“Ah, bon.” Akakaa kwenye kiti cha viatu, akavaa cha pili. “Na mimi sijui.”

Jumamosi ya mwisho ya Januari, mtoto akiwa amelala baada ya chakula, niliketi tena jikoni. Mama alikuwa nyuma yangu anapiga pasi mashati ya Tonton. Nilikuwa nimechoka kungoja. Nikapeleka mshale kwenye Hapana, nikabonyeza. Kiduara kikajaa weusi, kitu kidogo sana.

Pasi ikanyamaza.

“Umeweka nini?”

“Hapana.”

“Hapana ni kusema nini?”

“Kwamba haikukoma. Inaendelea.”

“Inaendelea wapi?” Nikakodolea kioo macho. “Niko nauliza. Inaendelea hapa, katikati ya mashati ya Tonton?”

“London!” Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyojua ninayo. “Kiti kipo! Umesikia mwenyewe kiko na mwenyewe! Unaweka salio, unalisha laini, kila siku jamaa haijakaa, jamaa haijakaa, na mimi je? Mimi siyo jamaa?”

Nilidhani atanipiga na taulo. Akaikata pasi umeme, akavuta kiti, akakaa karibu yangu mpaka magoti yetu yakagusana.

“Mwisho ya hii karatasi, banakusainisha nini?”

“Kwamba uliyosema ni ya kweli, kadiri unavyojua.”

“Umeona sasa.”

Sikuwahi kumwona Mama akikosa la kufanya na mikono. Aliiweka mezani, akaiangalia kama ya mtu mwingine.

“Siku ile nilikuwa na kichwa nusu,” akasema. “Rasta nyembamba, za mpaka kiunoni. Mteja alikuwa mama wa Ghana, wa harusi. Simu ya Tonton ikaingia. Nikasikia analia, nikajua. Maman wa saluni anasema enda, enda, mimi nitamalizia. Nikasema hapana. Huwezi kuacha muntu nusu ya kichwa. Na ile mikono ya mwingine itaonekana. Nikasuka. Nilisuka mpaka mwisho, sikulia hata kidogo, mteja ndiye alilia, kichwa chake kinatetemeka nikamwambia madame, tulia. Nikachoma ncha, nikafagia nywele chini. Kisha nikakuja kukuchukua shuleni.”

Nilikumbuka vizuri alivyosimama getini na mfuko wa chanuo begani. Nilikuwa nimeona aibu wenzangu wasimwone.

“Toka siku ile,” akasema, “nikiota, niko nasuka kichwa ile. Haiishi. Donc, weka Ndiyo.”

Niliweka Ndiyo. Ikatokea nafasi ya tarehe. Hakuna aliyehitaji kuangalia kalenda. Ilikuwa tarehe ileile iliyoandikwa chini ya picha ya mama mdogo sebuleni, picha ambayo tuliipita kila tulipokwenda kuoga. Niliiandika. Kwenye kioo ilionekana tarehe ya kawaida tu.

“Na ile pesa ya kichwa cha mwisho?” nikauliza. “Kwenye kalenda hukuandika kitu.”

“Ile haikukuwa malipo. Alikunja noti nyingi akanitia mkononi, akasema ni ya msiba. Pesa ya matanga haingii katika impôts.”

“Lakini ulimsuka.”

“Nilimsuka.”

“Basi nafikiri sehemu yake ni ya kazi.”

Aliniuliza kama serikali inajua matanga ni nini. Nikasema sijaona mahali pa kuandika. Mwishoni akasema, “Kichwa ni kichwa. Andika bei ya rasta nyembamba. Iliyobaki ni ya mudogo yangu, serikali isiiguse.” Nikaongeza bei ya rasta nyembamba, jumla ikabadilika kidogo. Akasoma tamko la mwisho pamoja nami, neno kwa neno, kidole chake kikipita juu ya kioo. Akabonyeza mwenyewe kutuma.

“Kwa hiyo haturudi,” nikasema.

“Nimejibu ya biashara.”

“Mama.”

Alichukua simu yenye ufa, akapiga London. “Maman,” akasema, “ile mutoto ya Kinshasa, mupatie kiti. Kitenge uchukue wewe.” Upande wa pili walipiga kelele, akatoa simu sikioni mpaka kelele zikapungua. Kisha akanigeukia. “Tonton asisikie kwako. Wala muntu yoyote. Mpaka jamaa ikae.”

Nikaenda chumbani nikalia ndani ya mto ili nisimwamshe mtoto. Aliamka hata hivyo. Alipanda kitandani kwangu, akanilalia mgongoni kama kifurushi, akasema, “Yaya,” yaani dada mkubwa, “ulikula pilipili?” Sikutaka anipende siku ile, na hakujali.

Zilizofuata ndizo siku zilizonitesa zaidi. Jibu nililokuwa nalililia kwa mwaka mzima sasa nilikuwa nalo, na sikuweza kulitoa. Tonton aliponiuliza tena, nikasema tena sijui, na safari hii ilikuwa uongo. Aliniangalia, akaitikia kwa kichwa. Alianza kuosha vyombo kabla ya kwenda zamu na kuvipanga vizuri mno, kama mtu anayetaka kusifiwa na mwenye nyumba. Niliona. Sikusema.

Matanga yaliondolewa kwenye ukumbi wa parokia kule Forest. Tulipanga viti, masufuria ya mboga ya fumbwa na wali yakaja yamefungwa kwa taulo, mchungaji akasali, na Mama na Tonton wakavuliwa nguo nyeusi, wakavishwa vitenge vya rangi. Watu walipiga vigelegele. Chakula kilipoisha wakubwa wakasogeza viti mbele. Mwenye neno alikuwa mjomba wake Mama, mzee aliyetoka Liège kwa treni, kofia magotini.

Alianza mbali. Alianza na Bukavu, na vita, na jinsi marehemu alivyokuwa anaimba akipika. Kisha akasema, “Alors. Kuko mutoto. Na kuko dada yake marehemu, maman huyu, mwenye aliacha kazi yake Londres akakuja kutubebea huu muzigo. Hatuwezi kumulazimisha. Tutamuuliza kwa heshima. Na yeye asijibu haraka, afikiri.”

Ndivyo inavyokwenda. Anaulizwa mara ya kwanza, anainamisha kichwa. Anaulizwa tena, anasema atafikiri. Wanamwomba, wanampa kitenge, ndipo anakubali. Mama aliinamisha kichwa chake vizuri sana. Lakini mimi nilikuwa namwangalia Tonton. Alikuwa amempakata mtoto, na alikuwa ameacha kupumua. Nasema kweli, kitenge chake kipya hakikuwa kinapanda wala kushuka.

Mzee akataka kuwachekesha watu kidogo. Akanielekezea kofia. “Na wewe, Mungereza mukimya? Hatujasikia sauti yako toka ufike. On repart quand? Munarudi lini?”

“Tunabaki,” nikasema. “Tulishaandika.”

Kofia ya mzee ikabaki hewani.

“Muliandikia nani?” akauliza mzee.

“Watu wa kodi. Wa Uingereza.”

“Impôts?” Akaangalia kulia, akaangalia kushoto. “Donc serikali ya Bangereza ilijua mbele yangu? Mimi nimetoka Liège na magoti haya kuuliza kitu kilishajibiwa kwa kompyuta?”

Maman mmoja nyuma akaanza kucheka, kicheko cha kukohoa, kikaambukiza safu yake, kisha ukumbi wote. Mzee mwenyewe akapiga kofia gotini. “Basi tulikuja kukaa ya nini? Leteni bia!” Tonton hakucheka. Alikuwa ameficha uso nyuma ya kichwa cha mtoto, na mabega yake yalikuwa yanaruka.

Mama ndiye niliyemwogopa. Aliinuka, akaja moja kwa moja nilipokuwa, amevaa kitenge cha manjano nisichokizoea. Akafungua mkoba wake. Alikuwa amekuja na chanuo, mimi sikujua.

“Kaa chini.”

“Mama, samahani, mimi...”

“Kaa.”

Nikakaa sakafuni, kati ya magoti yake, mbele ya watu wote. Yule mtoto alishuka kwa baba yake akaja mbio, “Na mimi, Mama, na mimi,” na Mama akamwambia angoje, yaya ndiye wa kwanza. Akazigawa nywele zangu kwa ncha ya chanuo, mstari mmoja mrefu kutoka paji la uso mpaka kisogoni, akaanza kusuka.

“Mwaka muzima mudomo imefungwa,” akasema juu ya kichwa changu. “Leo ndiyo inafunguka. Mbele ya mujomba.”

“Unavuta sana, inauma.”

“Acha iume. Inamisha kichwa.”